Anguilla kwa likizo ya kifahari: chagua ghuba kwanza, hoteli baadaye

Anguilla ni kisiwa chembamba cha mawe ya chokaa na matumbawe, kaskazini mwa Saint-Martin. Urefu wake ni kama kilomita 26, upana hauzidi kilomita sita, hakina mlima wala mto, na wakazi wake ni kama 15,000. Ni milki ya Uingereza. Bei za malazi ni miongoni mwa zile za juu kabisa katika Karibi nzima: kati ya katikati ya Desemba na katikati ya Aprili, chumba cha kawaida katika hoteli kubwa huanzia zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa usiku, na kuanzia Krismasi hadi Mwaka Mpya bei hiyo hupanda mara mbili au zaidi. Juu yake huongezwa kodi ya serikali na tozo ya huduma, ambazo kwa pamoja hufika asilimia 20 au kupita, na mara nyingi hazionekani kwenye bei ya kwanza unayooneshwa. Omba bei kamili kwa maandishi kabla ya kutuma malipo ya awali.

Je, inafaa kulipa hivyo? Inafaa, kwa sharti moja. Fedha hiyo inanunua bahari na ufuo. Hoteli tano kubwa za kisiwa, yaani Cap Juluca, Four Seasons, Malliouhana, Aurora na Zemi Beach House, zinakaribiana kwa ubora wa vitanda, chakula na wahudumu. Fuo zake ndizo zisizofanana, na ufuo ulio mtulivu mwezi Mei unaweza kupepea bendera nyekundu siku nne mfululizo mwezi Januari. Wengi hupanga kinyume: wanapenda picha za bwawa la kuogelea, wanalipa, kisha wanafika na kukuta bahari haiingiliki.

Sababu ni hii. Kuanzia Desemba hadi Machi, dhoruba za Atlantiki ya Kaskazini husukuma mawimbi marefu yanayosafiri siku kadhaa na kufika Anguilla hata kama mbingu ni safi na upepo hakuna. Yanapiga upande wa kaskazini na kaskazini-magharibi: Meads Bay, Barnes Bay, Crocus Bay. Mawimbi hayo hula mchanga, hufanya ufuo uwe na mteremko mkali, na maji yanayorudi baharini humvuta mtu miguu. Yakitulia, mchanga hurudi wenyewe baada ya wiki chache. Upande wa kusini, yaani Maundays Bay, Rendezvous Bay, Cove Bay na Shoal Bay West, kisiwa chenyewe kinakuwa ukuta, na maji hubaki shwari.

Kuanzia Aprili hadi Agosti mambo hugeuka. Upande wa Meads Bay hutulia kabisa, huku pepo za mashariki zikichafua kidogo maji ya kusini. Huo pia ni msimu wa sargasamu, mwani wa kahawia unaoelea kwa mafungu makubwa na ambao tangu 2011 umekuwa tatizo la Karibi nzima. Hutua zaidi kwenye fuo zinazotazama mashariki na kusini-mashariki, na ukioza hutoa harufu ya mayai viza. Hakuna hoteli inayoweza kukuhakikishia hautafika, ila unaweza kupunguza uwezekano kwa kulala kaskazini-magharibi miezi hiyo. Basi kanuni yetu ni rahisi: Desemba hadi Machi lala kusini, Aprili hadi Julai lala Meads Bay. Agosti mwishoni hadi Oktoba usiende. Ni kilele cha vimbunga na hoteli na migahawa mingi hufungwa kwa ukarabati. Irma, kimbunga cha daraja la tano, kilipita juu ya kisiwa tarehe 6 Septemba 2017 kikiwa na upepo wa karibu kilomita 285 kwa saa, na baadhi ya hoteli zilikaa zaidi ya mwaka bila kupokea mgeni.

Kipindi tunachokipenda kuliko vyote ni wiki ya mwisho ya Aprili hadi katikati ya Juni. Bei zimeshuka sana, migahawa bado iko wazi, na maji yana joto la kutosha kukaa ndani saa nzima.

Sasa hoteli zenyewe. Cap Juluca, iliyofunguliwa 1988 na sasa iko chini ya kampuni ya hoteli ya Belmond, imejipanga kando ya Maundays Bay: majengo meupe mafupi yenye kuba na matao, na kutoka mlangoni hadi mchangani ni hatua chache. Kwa anayekuja kuoga baharini asubuhi na jioni, hakuna mpango bora kuliko huu kisiwani. Mgahawa wake wa Pimms uko pembeni kabisa mwa maji. Omba meza ya nje kabla jua halijazama. Kasoro yake ni upweke. Jioni ukitaka kula kwingine utahitaji gari au teksi, na wenye vijana wa miaka kumi na tano watasikia malalamiko. Ukitaka utulivu zaidi omba chumba kilicho mbali na jengo kuu, lakini kumbuka kwamba utautembea umbali huo kila mlo.

Four Seasons iko kwenye kilima kidogo kati ya Barnes Bay na Meads Bay. Ilianza 2009 kwa jina la Viceroy, ikabadilishwa 2016. Ni kubwa, ina mabwawa mazuri na mpango mzuri wa watoto, na vila zake zenye jiko zinafaa familia ya watu sita au wanane wanaogawana gharama. Tunaisifu kwa hilo bila kusita. Hata hivyo, wageni wa Januari wafahamu kwamba fuo zake zote mbili zinatazama upande wa mawimbi ya baridi. Usilipe nyongeza ya “chumba cha ufukweni” miezi hiyo kwa matumaini ya kuogelea. Lipia mandhari, kisha tumia bwawa.

Malliouhana, kongwe kuliko zote hizo, ilifunguliwa 1984 juu ya genge upande wa mashariki wa Meads Bay. Mandhari yake haina mpinzani na huduma ni ya watu waliokaa kazini muda mrefu. Lakini iko juu: kushuka ufukweni ni ngazi na mteremko. Ukisafiri na mzazi mwenye magoti mabovu, uliza kabla ya kulipa ni ngazi ngapi kutoka chumba hicho mahususi hadi kwenye mgahawa na hadi mchangani.

Aurora, iliyokuwa ikiitwa CuisinArt, iko Rendezvous Bay, ufuo mrefu wa zaidi ya kilomita mbili ukitazama milima ya Saint-Martin. Ina uwanja wa gofu wa mashimo 18 uliochorwa na Greg Norman na shamba la mboga zinazooteshwa kwa maji bila udongo, kwa hiyo saladi yake ni mbichi kweli, jambo adimu kwenye kisiwa kinachoagiza karibu chakula chote kutoka nje. Hapa ndipo tungempeleka mpenda matembezi ya asubuhi. Zemi Beach House, upande wa pili kabisa, iko Shoal Bay East, wenye mchanga mweupe laini kama unga na matumbawe karibu na ufuo. Spa yake iko ndani ya nyumba ya mbao ya Thailand yenye umri wa karne tatu iliyosafirishwa na kujengwa upya. Kwa kutazama samaki kwa miwani na mrija bila kupanda boti, Shoal Bay East ndio mahali. Uko mbali na migahawa ya magharibi, dakika 25 hadi 30 za gari, na hilo linachosha usiku wa tatu.

Njia ya kufika ndiyo inayoharibu likizo nyingi. Uwanja wa ndege wa Clayton J. Lloyd una njia ya kurukia yenye urefu wa kama mita 1,665, kwa hiyo ndege kubwa hazitui. Tangu Desemba 2021 American Airlines huruka moja kwa moja kutoka Miami kwa ndege ya Embraer, safari ya kama saa tatu. Ukiwa na tiketi moja mfululizo, mizigo inafika nawe na likizo inaanza siku hiyohiyo. Wengine wengi hutua uwanja wa ndege wa Princess Juliana, upande wa Kiholanzi wa Saint-Martin, kisha wana chaguo tatu: ndege ndogo ya dakika kumi hivi, kivuko cha umma kutoka Marigot, au spidi boti ya kukodi kutoka Simpson Bay.

Kivuko ni nafuu na safari yenyewe ni kama dakika 25 hadi bandari ya Blowing Point. Tatizo ni kufika Marigot. Iko upande wa Kifaransa, na barabara inayotoka uwanja wa ndege hupita eneo la Simpson Bay, ambako daraja hufunguliwa mara kadhaa kwa siku ili mashua zipite. Daraja likiwa juu, foleni inasimama, na saa ya kivuko haikusubiri. Spidi boti inagharimu mara kadhaa ya kivuko, lakini gati liko dakika chache kutoka uwanjani, na kampuni nzuri hufuatilia namba ya ndege yako na kukusubiri ikichelewa. Kwa familia ya watu wanne, tofauti ya bei hupungua, kodi boti.

Panga kutua Saint-Martin kabla ya saa tisa alasiri. Ukitua baada ya saa kumi na moja, weka mapema nafasi ya kulala Simpson Bay usiku huo na uvuke asubuhi. Kulazimisha kuvuka gizani kwa gharama kubwa, mkondo ukiwa na mawimbi na mizigo ikilowa, si mwanzo mzuri. Dawa, pasipoti na vifaa vya umeme viwe kwenye mfuko usioingia maji, mapajani kwako. Mzigo ukibaki nyuma, toa anwani ya hoteli ya Anguilla pamoja na jina la kampuni ya boti kwenye fomu ya shirika la ndege; ukiandika anwani ya Saint-Martin, sanduku litakaa huko.

Wanaosafiri kwa pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda wana hesabu ya ziada. Marekani hudai visa hata kwa anayebadili ndege tu. Njia ya Paris au Amsterdam inakuepusha na hilo, kwani Air France na KLM huruka hadi Princess Juliana. Lakini wala Sint Maarten ya Kiholanzi wala Saint-Martin ya Kifaransa haimo ndani ya Schengen, eneo la visa ya pamoja la Ulaya. Kila upande una masharti yake, na Anguilla ina yake. Anayeshika kivuko Marigot anagusa mamlaka tatu kwa mchana mmoja, ilhali anayepanda boti Simpson Bay anagusa mbili. Pata jibu la maandishi la kila mamlaka kabla ya kununua tiketi isiyorudishwa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe pamoja na pasipoti.

Ukifika, kodi gari, angalau kwa nusu ya siku zako. Teksi hazina mita. Nauli hupangwa kwa maeneo na huhesabiwa kwa mtu mmoja au wawili, wa tatu anaongezewa. Chakula cha jioni upande wa pili wa kisiwa kwa teksi ya kwenda na kurudi kinaweza kupita bei ya gari kwa siku nzima. Kampuni ya gari hukupa kibali cha muda kwa kuonesha leseni yako. Mwafrika Mashariki atafurahi kwamba huko nako huendeshwa kushoto, ila magari mengi yameagizwa Marekani na usukani uko kushoto pia, kwa hiyo kulipita gari la mbele ni kubahatisha. Usipite. Mbuzi hutembea barabarani saa zote, na barabara za kushuka fuoni ni mawe matupu, kwa hiyo gari lililoinuka kidogo kutoka ardhini ni bora kuliko la kifahari.

Kuhusu kula, msimamo wetu ni kwamba mtu asinunue mpango wa milo yote hotelini. Utajiri wa Anguilla uko kwenye migahawa yake, na Meads Bay peke yake ina ya kutosha kwa siku nne. Blanchards, iliyokuwepo tangu 1994, ni ya jioni ya mavazi safi; weka nafasi wiki tatu au nne mapema kwa Februari, na miezi miwili kwa Krismasi. Jirani yake Blanchards Beach Shack huuza chakula cha mchana kwa bei ya kawaida, unakula miguu ikiwa mchangani. Katika migahawa mikubwa sahani kuu ni kama dola 40 hadi 70. Kambakoche huuzwa kwa uzito, na hapo ndipo bili huvimba: uliza bei ya uzito huo kabla hajaenda jikoni. Wapo wa aina mbili, yule mkubwa na yule mdogo wa madoadoa ambaye wenyeji wanamwita kamba wa mtoni ingawa ni wa bahari. Chagua mdogo. Nyama yake ni tamu na laini zaidi, na haihitaji zaidi ya siagi na ndimu.

Mwisho wa wiki, katika mji mkuu The Valley, wachoma nyama hupanga majiko kando ya barabara. Kuku na mbavu za nguruwe, pamoja na mikate midogo ya kukaanga isiyo na iliki, hugharimu sehemu ndogo ya bei ya hoteli, na ni chakula kizuri kweli. Asiyekula nguruwe aulize kama kuku amechomwa kwenye wavu uleule. Muziki uko Sandy Ground, na huko Rendezvous Bay kuna Dune Preserve ya mwanamuziki Bankie Banx, ambaye tamasha lake la Moonsplash hufanyika kila Machi. Wiki hiyo vyumba hujaa.

Baharini, siku moja iwe ya Prickly Pear, visiwa visivyo na watu ambavyo katamarani huvifikia kwa asubuhi moja, na nusu siku iwe ya Sandy Island, kipande cha mchanga chenye mgahawa, dakika chache kwa boti kutoka gati la Sandy Ground. Little Bay imezungukwa na magenge ya mawe. Kuna wanaoshuka kwa kamba, nasi hatulishauri. Boti kutoka Crocus Bay inachukua dakika chache tu, na mwenye boti unampa saa ya kurudi kukuchukua. Utaruka majini kufika ufukweni, basi simu iwe kwenye mfuko usioingia maji. Pikipiki za majini zimepigwa marufuku kisiwani, na hilo ndilo linalofanya ghuba hizi ziwe na ukimya ambao visiwa jirani wameupoteza. Kasino hazipo. Fuo zote ni za umma, hata zile za mbele ya hoteli. Viti na miavuli ndivyo vya hoteli.

Umeme ni volti 110 na plagi ni za Kimarekani. Chaja ya simu itafanya kazi kwa adapta. Kikausha nywele kilichonunuliwa Nairobi au Dar kitazunguka kwa uvivu bila kutoa joto, kiache nyumbani. Fedha rasmi ni dola ya Karibi Mashariki, iliyofungwa kwa 2.70 dhidi ya dola ya Marekani tangu 1976, lakini bei za wageni hutajwa kwa dola ya Marekani na hiyo hupokelewa kila mahali. Soma bili kabla ya kuacha bakshishi, kwa kuwa tozo ya huduma mara nyingi imeshaingizwa. Nyuma ya Meads, Rendezvous na Sandy Ground kuna mabwawa ya chumvi, na baada ya mvua mbu hutoka jua linapozama. Kwenye fuo za Karibi kuna mti wa manchineel wenye matunda yanayofanana na tufaha dogo la kijani: utomvu wake huunguza ngozi na tunda lake ni sumu. Usijikinge mvua chini yake.

Bima inunuliwe siku uliyolipa amana. Kimbunga kikishapewa jina, hakuna kampuni itakayokikubali kama jambo lisilotarajiwa. Iwe na kipengele cha kusafirishwa kwa ndege ya wagonjwa, kwa sababu hospitali ya Princess Alexandra ni ndogo na matatizo makubwa hupelekwa nje ya kisiwa. Na umuulize mwenye hoteli kwa maneno haya: uwanja wa ndege ukifungwa kwa dhoruba, narejeshewa fedha taslimu au napewa tarehe nyingine? Vila za binafsi mara nyingi hutoa tarehe tu.

Siku ya kuondoka, ndege nyingi za Amerika Kaskazini huondoka Princess Juliana mchana uleule, na foleni za ukaguzi huwa ndefu kuanzia saa sita. Uwe umeshavuka kutoka Blowing Point ifikapo saa nne asubuhi, rudisha gari jioni iliyotangulia, na weka kando dola taslimu za ushuru wa kuondoka, kwa kuwa kampuni nyingine za boti haziuingizi kwenye nauli.